Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa cha Sera ya Uwekezaji ya mfuko wetu wa kiinua mgongo nilikiandika mimi. Kinasema: "Viwango vilivyotajwa katika sera hii vitafuatwa, isipokuwa pale Bodi ya Wadhamini itakapoona inafaa vinginevyo." Hakuna aliyeniomba nikiandike. Mwenyekiti hakuniagiza, mwanasheria hatukuwa naye, na wafanyakazi waliokuwa wakikatwa mishahara kila mwezi hawakujua hata kama kuna karatasi ya namna hiyo. Nilikiandika kwa sababu niliogopa kikao kirefu. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu asiyependa kuwekewa mipaka, nami nilitaka sera ipite kabla ya chakula cha mchana.

Leo naishi Mlali, wilaya ya Kongwa, ukweni kwangu, nilikohamia baada ya kustaafu. Mwajiri simtaji, maana katika haya hana kosa. Mchango wake aliutoa kila mwezi bila kuchelewa. Kosa ni la wadhamini, na ndani ya wadhamini ni la katibu aliyekuwa pia mhasibu, yaani mimi.

Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo. Kwa NSSF tulipeleka asilimia 20 ya mshahara kama sheria inavyotaka, nusu ya mfanyakazi, nusu ya mwajiri. Juu ya hiyo tulikuwa na huu wetu wa ndani: mtu anakatwa kidogo, mwajiri anaongeza kiasi kilekile, fedha zinawekwa benki, na siku ya kuaga kazi mtu anakabidhiwa chake chote kwa mkupuo. Watu waliupenda kwa ajili ya huo mkupuo. Pensheni ya NSSF ilikuwa ya kula uzeeni. Ya kwetu ilikuwa ya bati, ya ng'ombe, ya mashine ya kusaga, ya ada ya kitinda mimba.

Kwa miaka mingi fedha zile zilikaa kwenye amana za muda maalumu na hatifungani chache za Serikali, na hakuna aliyezisemea lolote. Mwaka 2012 Benki Kuu pamoja na SSRA, mamlaka ya kusimamia hifadhi ya jamii iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, walitoa miongozo ya uwekezaji kwa mifuko ya hifadhi ya jamii. Mfuko wetu haukuwa umesajiliwa popote, lakini mkaguzi wa hesabu alikuwa ameisoma miongozo hiyo, akauliza: ninyi sera yenu iko wapi? Haikuwapo. Nikapewa kazi.

Rafiki yangu wa Nairobi akanitumia sera ya mfuko wa wafanyakazi wa kampuni moja ya huko. Kenya walishatangulia. Sheria yao ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 iliunda mamlaka ya kusimamia mifuko ya waajiri, na kanuni za mwaka 2000 zikaulazimisha kila mfuko uwe na sera ya uwekezaji ya maandishi, ipitiwe upya angalau kila baada ya miaka mitatu, tena zikaweka ukomo kwa kila aina ya mali. Ardhi na majengo, kwa mfano, visizidi asilimia 30 ya mali yote ya mfuko.

Nikaitafsiri nyumbani, nikabadilisha jina la mfuko kila lilipotokea. Nasema kila lilipotokea, lakini si kweli: kuna ukurasa uliendelea kusema kwamba tutanunua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi na kwamba hesabu zetu zitatolewa kwa shilingi za Kenya. Waraka ule ulisainiwa na wadhamini wote, ukapigwa muhuri, ukapita mikononi mwa mkaguzi mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe niliona siku nilipoutoa kabatini ili niutafutie ruhusa ya kununua viwanja.

Ilikuwa sera nzuri, hilo lazima niliseme. Ilianza na maswali ambayo sisi hatukuwahi kujiuliza: fedha hizi ni za nani, watazihitaji lini, na wakizihitaji wote kwa pamoja zitatoka wapi. Ilitaka iambatanishwe orodha ya wanachama kwa umri, wadhamini wajue kila mwaka wangapi wanatimiza miaka 55, ambao wanaruhusiwa kuaga kwa hiari, na wangapi wanatimiza 60, ambao hawana hiari. Kwenye orodha hiyo ndipo unapopata hesabu ya kila kitu kingine: kiasi gani kikae karibu, kwenye amana fupi, kiasi gani kiende kwenye hatifungani, kiasi gani kinaweza kulala ardhini bila kuguswa. Ilisema nani anapendekeza na nani anaidhinisha, na kwamba asiwe mtu yuleyule. Ilisema pia wadhamini wajipime na nini: mkishindwa na amana ya kawaida ya benki, mwende mkajieleze mbele ya wanachama. Kifungu cha kumi na nne kilimkataza mdhamini kununua, kuuza au kupokea chochote kwa mtu anayefanya biashara na mfuko bila kwanza kuitaarifu Bodi kwa maandishi. Hicho nilikitafsiri kwa uangalifu mkubwa. Nimekikariri hadi leo.

Orodha ya umri sikuiambatanisha. Rejista ya wafanyakazi ilikuwa kwenye droo ya meza yangu na kazi yenyewe ilikuwa ya jioni moja. Nikaandika "tazama Kiambatisho A", na Kiambatisho A hakikuwahi kuwapo. Kisha nikaongeza kifungu cha tisa, ambacho Wakenya hawakuwa nacho.

Baadaye, nikiwa tayari nimeharibu, ndipo nilipojisomea kwa nini nchi za watu zinashikilia karatasi hizi. Uingereza mwaka 1991 Robert Maxwell, mwenye magazeti ya Mirror, alikutwa amekufa baharini karibu na visiwa vya Canary, na wafanyakazi wake wakagundua kuwa mamia ya mamilioni ya pauni za pensheni zao yalikuwa yamechotwa kuyabeba makampuni yake. Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995 ilitoka humo, na ndiyo iliyowalazimisha wadhamini waandike misingi yao ya uwekezaji. Niliposoma habari za Maxwell nilijisikia nafuu kidogo, na nafuu hiyo nayo naiungama. Sisi hatukuiba, nilijiambia. Viwanja vipo, na hati zake zipo.

Viwanja vilikuja hivi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa mwaka 1973 na wenyeji walikuwa wameshauzoea kama hadithi, lakini safari hii watu waliamini, kwa kuwa Septemba Waziri Mkuu alihamia kweli. Mei 2017 ikavunjwa CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, iliyokuwa ikimilikisha ardhi kwa miaka 33 tu. Sasa watu wakaambiwa hati zitakuwa za miaka 99. Dodoma nzima ikawa ya madalali. Ukienda kunyolewa, kinyozi ana kiwanja. Ukishona kiatu, fundi ana shemeji yake mwenye shamba linalopimwa.

Mwenyekiti alileta hoja kwamba amana za benki zikiiva zisirudishwe benki, zinunue viwanja upande wa Ihumwa kabla bei haijatushinda. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka, nawe umelala. Niliitaja kikaoni, kwa sauti ya mtu anayetaka tu ionekane kwenye muhtasari kwamba aliitaja. Mjumbe mmoja akacheka: "Kiwanja kinapanda mara mbili kwa mwaka mmoja, wewe Mhasibu unatuletea kumi na tano!" Sikubishana. Nilifungua kifungu cha tisa, nikakisoma kwa sauti, na nikaandika kwamba Bodi imeona inafaa vinginevyo. Hakuna aliyeuliza inafaa kwa sababu gani, na mimi sikuacha nafasi ya sababu. Tulinunua viwanja 18. Tulipomaliza, karibu theluthi mbili ya mfuko ilikuwa ardhini.

Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Wenye amana walihakikishiwa na Bodi ya Bima ya Amana kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000 kila mmoja. Zaidi ya hapo wasubiri mufilisi. Mwenyekiti aliingia kikaoni na gazeti mkononi. "Mnaona? Ardhi haifungwi na Benki Kuu." Tukapiga makofi. Nilipiga na mimi, nikijua kwamba hata senti moja ya mfuko wetu haikuwa imewahi kuwa kwenye benki yoyote kati ya hizo tano.

Mwaka uleule mifuko minne ya watumishi wa umma, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, na kikokotoo kipya cha kulipa mkupuo wa asilimia 25 kikazua kelele nchi nzima, hadi Desemba 28 Rais alipokisimamisha mpaka mwaka 2023. Walimu wa serikali walikuwa hawalali. Sisi tukawacheka. Kwetu hakuna kikokotoo, tulisema, mtu anabeba chake chote. Nakumbuka nikiwaambia vijana wapya maneno hayo hasa, kwenye semina ya kuwakaribisha kazini, ilhali rejista iko droo ileile na ndani yake kuna kundi kubwa la watu walioajiriwa pamoja, umri mmoja, ambao wote walikuwa wanafikia miaka 60 kati ya 2019 na 2022.

Wakaanza kuja. Wa kwanza tuliwalipa kwa amana iliyobaki. Waliofuata tuliwalipa kwa kuuza hatifungani kabla ya wakati wake, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba umebanwa. Tukafika mahali hapana cha kuuza ila viwanja. Nao mji wa Dodoma, uliopewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ulikuwa umepima viwanja vingine kwa maelfu na kuvigawa kwa bei nafuu. Vyetu havikushuka thamani, kwenye karatasi. Mnunuzi tu ndiye aliyekuwa haji, na akija anataka kulipa kidogo kidogo.

Bodi ikaamua kulipa mafao kwa mafungu. Mzee mmoja wa bustani tulimpendekezea achukue kiwanja badala ya fedha. Akauliza kama na duka la dawa litapokea kiwanja. Mpishi wetu, mjane, alilipwa fungu la kwanza na la pili, la tatu likakosekana. Alikuwa akija ofisini kila mwisho wa mwezi, anakaa kwenye benchi la nje, ananisalimu kwa jina la mwanangu wa kwanza. Mama yangu mzazi asingeniita vizuri zaidi. Hakuwahi kupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ukinisikiliza hadi hapa utasema ni kosa la uzembe, na uzembe wa pamoja. Ndivyo nilivyolisimulia kwa miaka, na watu walinipa pole. Kuna sehemu nilikuwa naikata.

Tulipokuwa tunanunua vile viwanja 18, dalali aliniambia kuna kimoja cha kona, jirani kabisa na vyetu, mwenyewe ana shida ya haraka. Alinipunguzia. Nilikinunua kwa jina langu. Bodi sikuiambia kwa mdomo wala kwa maandishi, mimi niliyekitafsiri kifungu cha kumi na nne. Kikaoni nilitetea Ihumwa kuliko mtu yeyote baada ya hapo. Niliona barabara za lami zikija, nikaona maji yakija. Sijui kama nilikuwa nasema uongo. Ukishakuwa na kiwanja mahali, mahali pale hupendeza.

Mwaka 2020 Bodi ilinikabidhi kazi ya kutafuta wanunuzi. Siku moja alikuja mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, ameelekezwa na mtu kwamba mfuko wetu unauza. Alikuwa na fedha taslimu, anataka kimoja, anataka wiki hiyo. Mpishi alikuwa kwenye benchi. Nilimchukua yule bwana kwa gari la ofisi hadi Ihumwa, nikavipita vya mfuko, nikamshusha kwenye kona. Kiwanja changu. Akakipenda. Nikajiambia atakuja mwingine wa kununua vya mfuko. Alikuja, miaka miwili baadaye, na alilipa kwa awamu.

Fedha ile ilitosha kumlipa mpishi fungu lake la tatu na chenji ikabaki. Mimi nilinunua mashine ya kukamua alizeti, nikaileta huku Mlali.

Inafanya kazi vizuri. Watu wa vijiji vya jirani wanaleta alizeti yao, wengine wakitoka kuuza mahindi Kibaigwa wanapitia. Katika wateja wangu yupo aliyekuwa dereva wetu, mtu wa hapahapa, ambaye ndiye aliyeendesha lile gari la ofisi siku ile. Nilimsahau nilipopanga hesabu ya mashahidi. Naye hakuwahi kusema neno. Anashusha magunia, ananiita Mhasibu kama zamani, tunakaa kivulini mafuta yakichuja.

Ni mzungumzaji. Baba yake alifanya kibarua cha kung'oa visiki kwenye mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, na hadithi zake nimezisikia zote. Mwaka 1946 wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka kwa wiki chache wakaandika ripoti ya ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. 1947 matrekta yakaanza Kongwa. 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda. Udongo wa huku mvua ikikatika unakuwa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Dereva hupenda kuwacheka. Mimi siwacheki tena. Nimewahi kufikiri kuhusu ile ripoti yao, kwamba ilikuwa na hesabu za mbegu, za matrekta, za mafuta, karatasi nzuri kuliko yangu. Nadhani kilichokosekana ni mstari unaosema tukifika hapa tusimame, na mtu mwenye ruhusa ya kuusoma kwa sauti. Katika mfuko wetu mtu huyo nilikuwa mimi. Mstari ulikuwapo, asilimia 30, na nikauwekea mlango pembeni kwa maneno machache.

Kuna wanaoniuliza, vijana hasa, kwa kuwa sasa kuna vikundi vingi vya wafanyakazi vinavyochangishana: je, sera ya uwekezaji ni lazima kwa mfuko mdogo? Nawaambia iandikeni kwa kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho mpishi anaweza kukisoma, na mumpe nakala. Wakitaka kubadili kiwango, kikao cha kupendekeza kisiwe kikao cha kupitisha, na wanachama wapewe taarifa katikati. Kiambatisho cha umri kiwe ukurasa wa kwanza. Mdhamini mwenye mali jirani na mali ya mfuko aseme, atoke nje, wenzake waamue bila yeye. Haya yote yalikuwa ndani ya ile karatasi ya Nairobi, isipokuwa nakala ya mpishi.

Msimu uliopita, magunia yakiwa kwenye mizani, nilimwambia dereva habari ya kile kiwanja. Nilidhani nampa siri. Akasema, "Kaka Mhasibu, mimi ndiye nilikupeleka." Kisha akaiangalia mashine, akasema kwa utaratibu uleule anaosimulia habari za visiki, "Kwa hiyo hii ni ya mpishi."

Mpishi alishalipwa, pungufu na kwa kuchelewa. Yuko kwa mwanawe. Nimewaandikia wadhamini wa sasa, nimewaambia nimepata nini na nimekipataje, nikaomba wapige hesabu ya kile ninachopaswa kurudisha. Wamenitaka nilete mkataba wa mauziano. Nimeupeleka. Nilipomwonyesha dereva rasimu ya maandishi haya alisoma polepole hadi mwisho, akanirudishia. Akasema nimeandika vizuri sana kuhusu Wakenya na Waingereza, lakini pale palipoandikwa kwamba dalali alinipunguzia, sikuandika alinipunguzia kiasi gani. "Weka bei," alisema.

Mfuko ulinunua kila kiwanja kwa shilingi 5,000,000. Changu cha kona, kikubwa kuliko vyote, nilikinunua kwa dalali yuleyule, wiki ileile, kwa 3,500,000. Nilikiuza kwa 9,000,000.